Kutoka Rupia Hadi Shilingi

Mnadani Kajiado na madukani Kitengela, Mmaasai atajapo fedha kwa lugha yake husema “iropiyiani”. Neno hilo lilitokana na rupia, sarafu iliyoondolewa nchini Kenya miaka zaidi ya mia iliyopita. Sarafu imekwenda, jina limebaki. Habari zake zafaa kujulikana na kila mtu awekaye akiba.

Rupia ilitoka Bara Hindi. Mwaka 1905 Serikali iliifanya sarafu halali ya nchi, rupia 15 kwa pauni moja ya Kiingereza. Uzito wake ulikuwa karibu gramu 11.7, na katika sehemu 12 za uzito huo, sehemu 11 zilikuwa fedha safi. Reli ya Magadi ipitayo Kajiado ilipokamilika mwaka 1915, hesabu zilikuwa bado za rupia na senti. Mwenye kuipokea alikuwa na thamani mkononi mwake, kwa maana madini yenyewe yaliweza kuuzwa.

Vita Kuu ya kwanza ilipandisha sana bei ya fedha duniani. Rupia iliyokuwa sawa na shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza ikapita shilingi 2. Mwaka 1920 Serikali iliikadiria kuwa shilingi 2 kamili, ikatoa sarafu mpya iitwayo florini, ambayo nusu yake tu ilikuwa fedha. Mwaka 1921 florini nayo iliachwa, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, yenye robo ya fedha. Basi aliyetoa rupia moja, yenye fedha safi zaidi ya gramu 10, alipewa shilingi mbili ambazo kwa pamoja hazikufikisha gramu 4.

Mabadiliko hayo yaliwagusa wafanyakazi pia. Waajiri walowezi walidai kwamba kwa kipimo cha pauni mishahara ilikuwa imepanda, wakaazimia mwaka 1921 kuipunguza kwa theluthi moja. Lakini kibarua hakuwa na deni la pauni, na kodi yake ilikuwa imeongezwa. Harry Thuku na East African Association walipinga. Machi 1922 Thuku alikamatwa, na watu waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe walipigwa risasi, wengine wakafa.

Watawala kubadilika na sarafu kudumu si jambo geni duniani. Wavandali waliuteka mji wa Carthage, katika nchi iitwayo leo Tunisia, mwaka 439, wakaondoa utawala wa Warumi. Hata hivyo walipiga sarafu za fedha zenye jina la Honorius, Kaisari wa Roma aliyefariki mwaka 423. Mfalme wao Gunthamund, aliyetawala kuanzia 484 hadi 496, ndiye aliyetia jina lake mwenyewe. Watu huipokea upesi sarafu waliyoizoea.

Ndivyo ilivyokuwa Kenya pia. Mwaka 1966, baada ya Uhuru, nchi ilitoa sarafu zake zenye sura ya Rais Kenyatta, lakini jina la shilingi halikuachwa, na shilingi mpya ilikuwa sawa na ile ya zamani yenye picha ya simba. Katiba ya mwaka 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote, na katika sarafu za mwaka 2018 simba amerudi, safari hii katika shilingi 10.

Madini ya fedha, hata hivyo, hayakurudi. Tangu mwaka 1948 shilingi hupigwa kwa madini mengine. Siku hizi bei ya ng'ombe hulipwa hata kwa simu, pasipo sarafu kuonekana. Thamani ya shilingi ni kile inachoweza kununua. Kwa hiyo mwenye kuuza ng'ombe na kuweka akiba asihesabu shilingi peke yake. Ahesabu pia shilingi hizo zitanunua mitamba mingapi mwakani.