Kujuta na Kutubu: Maneno Yanayokaribiana, Yasiyolingana

Watu wakigombana, mmoja humtishia mwenzake: "Utajuta kunifahamu!" Hakuna anayetisha kwa kusema, "Utatubu!" Mhubiri naye husimama akawaamrisha waumini, "Tubuni!" lakini hutamsikia akisema, "Juteni!" Mazoea haya ya usemi yamebeba tofauti ambayo ni rahisi kuipita: majuto humjia mtu hata asipoyataka, ilhali toba mtu huifanya mwenyewe, ndiyo maana anaweza kuamriwa.

Kujuta ni kuumia moyoni kwa jambo lililokwisha kutendeka. Si lazima pawe na dhambi. Aliyeuza kiwanja Kigamboni, jijini Dar es Salaam, kwa bei ya kutupa kabla daraja la kufika huko halijafunguliwa mwaka 2016 anaweza kujuta kila apitapo pale, na hakumkosea yeyote. Mwizi naye anaweza kujuta kwa sababu tu amekamatwa. Neno lenyewe halituambii kama anayeumia anaililia hasara yake au anamlilia aliyemdhulumu. Kitenzi kikinyambuliwa kuwa kujutia, angalau msemaji hutaja jambo lenyewe: "Najuta" ni kilio, "Najutia kukudanganya" imeshakaribia kukiri.

Wahenga waliposema majuto ni mjukuu, walikuwa wakizungumzia wakati. Mjukuu hutanguliwa na mtoto. Vivyo hivyo majuto hutanguliwa na kitendo na matokeo yake, na yanapofika, mambo yameshaharibika. Kwa hali hiyo Kiswahili kina hata umbo lake la kitenzi: "Laiti ningalijua." Hiyo -ngali- ni ya jambo lililokwisha kupita, ambalo mtu analitamani liwe vingine na haliwi.

Toba ina asili nyingine. Imetoka katika neno la Kiarabu tawba, ambalo mzizi wake una maana ya kurudi. Sura ya 9 ya Qurani inaitwa kwa jina hilo. Anayetubu ni mtu aliyepotea njia akageuka. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alieleza masharti yake katika kitabu cha Riyadhu Swalihina: mtu aliache kosa, alijutie, aazimie kutolirudia. Na kosa likigusa haki ya mwanadamu mwingine, sharti la nne ni kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Katika hesabu hiyo, majuto ni sharti moja tu kati ya manne.

Neno hili halikubaki msikitini. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, Yohana Mbatizaji anawataka watu watubu, lakini Yuda, aliyemsaliti Yesu, katika Mathayo 27 anatajwa kuwa alijuta. Kigiriki cha asili kina vitenzi viwili tofauti katika sehemu hizo mbili, na watafsiri waliilinda tofauti hiyo. Yuda aliwarudishia makuhani vipande 30 vya fedha walivyomlipa, kisha akajinyonga. Aliumia kweli, ila hakupata pa kurudi. Wakatoliki nao wana sakramenti ya kitubio, ambamo majuto hufuatwa na maungamo, kisha malipizi.

Kwa hiyo msikiti na kanisa vinakubaliana: majuto ni mlango wa toba, na mtu anaweza kusimama mlangoni maisha yake yote bila kuingia. Taarifa nyingi za viongozi na kampuni huishia hapo hapo. Husema "tunasikitishwa na yaliyotokea", kana kwamba mambo yalijitokea yenyewe bila mtendaji. Ukisikia taarifa ya namna hiyo, uliza maswali matatu: nani alikosa, je, ameacha, na aliyedhulumiwa atarudishiwa nini? Yasipojibiwa, ulichosikia ni majuto, na majuto peke yake hayamlipi mtu haki yake.