Betri Hufa Mwezi Uking'aa

Mvuvi wa dagaa akilalamika kwamba betri yake imekufa ghafla, swali la kumuuliza ni hili: mbalamwezi iliyopita uliiweka wapi? Kama ilikaa kwenye kona ya nyumba ikiwa tupu, haikufa ghafla wala haikufia ziwani. Ilikufa taratibu, siku zile mwenyewe alipokuwa amepumzika.

Kuanzia Mwigobero mjini Musoma hadi Guta na Kibara wilayani Bunda, injini ndogo za mitumbwi kwa kawaida huwashwa kwa kuvuta kamba, kwa hiyo betri inayobebwa ni ya taa za kuvutia dagaa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya karabai, ambayo ingeweza kumaliza zaidi ya lita moja ya mafuta ya taa kwa usiku. Iliyoleta mabadiliko ni taa ya LED. Wajapani Akasaki na Amano, na Nakamura mzaliwa wa Japani, ndio waliofanikiwa kutengeneza LED ya bluu yenye nguvu, na kutokana nayo ukapatikana mwanga mweupe. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa 10 hutumia wati-saa 200 tu.

Betri yenyewe ni kongwe zaidi. Mfaransa Gaston Planté aliiunda mwaka 1859 kwa mabamba ya risasi yaliyozama kwenye asidi ya salfa. Inapotoa umeme, uso wa mabamba hugeuka salfeti ya risasi. Ukiichaji, salfeti hiyo huyeyuka na asidi hurudi mahali pake. Salfeti ikiwa changa huwa punje laini, na chaja huiondoa bila shida. Ikiachwa siku kadhaa, punje hukua na kuwa fuwele ngumu zisizopitisha umeme, na hapo chaja huhangaika bure. Fungua vifuniko vya betri ya maji iliyolala tupu mwezi mzima, umulike ndani kwa tochi: mahali pa kahawia na kijivu utakuta ukoko mweupeweupe umeganda juu ya mabamba.

Sasa tazama ratiba ya mvuvi. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa vizuri kwa sababu ziwa lote lina mwanga, basi mitumbwi inapandishwa pwani kwa siku kadhaa. Betri imerudi na uchovu wa usiku wa mwisho, na mwenyewe anasema ataichaji giza likirudi, asilipe bure. Pesa anayookoa hapo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya betri mpya. Ichajiwe asubuhi ileile iliporudi, ijae kabisa, kisha iongezewe kidogo kabla ya kurudi majini. Vivyo hivyo kwa aliye Butiama anayewasha nyumba kwa sola: akisafiri wiki mbili, asiiache betri tupu.

Kosa lingine ni kununua betri ya gari. Mabamba yake ni membamba na mengi, yametengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiikamua usiku kucha kila siku, unga ulioshika kwenye mabamba humomonyoka na kutuama chini. Betri ya sola ina mabamba manene, na kwa ukubwa uleule huwa nzito zaidi. Inyanyue dukani kabla ya kulipa. Hata hiyo usiimalize yote. Ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, na nusu yake, 300, inazitosha zile taa nne na akiba ikabaki. Iache itulie saa chache kisha uipime: volti 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu, na chini ya 11.9 umeshaanza kuiumiza. Maji yakipungua, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa. Ya ziwani yana madini yanayoharibu mabamba. Na inapochajiwa hutoa hidrojeni, kwa hiyo usiichajie karibu na jiko au karabai.

Betri za lithiamu, chuma na fosfeti zilitokana na utafiti wa John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas, uliochapishwa mwaka 1997. Ni nyepesi, na huchajiwa maelfu ya mara pale ambapo ya risasi huvumilia mamia. Kwa mwenye uwezo, ningemshauri ainunue pamoja na chaja yake maalumu. Lakini kanuni ya mbalamwezi hapa inageuka: lithiamu hupenda kupumzika ikiwa karibu nusu, haitaki kulala imejaa pomoni.

Ya risasi ikichoka kabisa, asidi isimwagwe mwaloni wala mabamba yasiyeyushwe uani. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, wakiwemo watoto, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo wake unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma. Irudishe kwa mnunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima, vifuniko vimekazwa, asidi ikiwa bado ndani.