Ukifika Busia, Liheshimu Jua la Saa Saba

Mwezi wa Februari, wanafunzi wanapopata mapumziko mafupi ya katikati ya muhula, huenda ukaamua kuitoa familia Nairobi na kuipeleka mpakani. Busia na Malaba ni miji ya kupendeza. Utanunua vitenge, utakula samaki wa Ziwa Viktoria, na tangu mwaka wa 2014 Mkenya mzima huweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake tu. Lakini je, msomaji mpendwa, umejiandaa kwa joto la huko?

Usiseme jua ni jua tu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Busia karibu mita 1,200. Kadiri unavyoteremka ndivyo joto linavyozidi, kwa kiasi cha nyuzi sita kwa kila mita 1,000. Kisha Januari hadi Machi, kabla ya mvua ya masika, ni majira ya joto kali, na kwa kuwa ikweta i karibu, jua la mchana hukaa utosini.

Hapo ndipo mgeni hujidanganya. Humwona kijana wa bodaboda akishinda juani na koti mwilini, naye akajiambia, "Kama huyu anaweza, mimi je?" Kazi ya bodaboda ilizaliwa Busia hapo hapo, kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka mpaka hadi mpaka, na kijana huyo amelizoea jua lake. Wataalamu wa afya husema mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto, mpaka ujue kutoa jasho mapema na kutunza chumvi yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa joto la mpakani, hata hiyo siku ya tatu mpe kivuli.

PANGA SAA ZAKO

Dawa ya kwanza ni saa, kabla hata ya maji. Maliza shughuli za sokoni na za kuvuka mpaka kabla ya saa tano asubuhi. Kama mnataka kuona michoro ya kale ya mwambani kule Kakapel, upande wa Malaba, ondokeni alfajiri. Kuanzia saa tano hadi saa kumi jioni, tafuteni kivuli mle, mpumzike.

Huko Malaba foleni ya trela huweza kukuchelewesha barabarani. Ukikwama, wateremshe watoto na wazee mkae kivulini. Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache. Kwa dakika 10 tu joto la ndani huweza kupanda kwa nyuzi 10, na kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii sana.

Kunywa maji kidogo kidogo kabla ya kiu. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, umechelewa. Pombe haiwi badala ya maji. Mtoto wa chini ya miezi sita apewe ziwa la mama mara nyingi zaidi; hahitaji maji. Naye nyanya anayemeza dawa za shinikizo la damu amuulize daktari kabla ya safari, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hupunguza maji mwilini.

DALILI ZA HATARI

Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza ni onyo: kivuli, maji, mapumziko. Lakini mtu akianza kusema ovyo, akapoteza fahamu au akatetemeka kwa kifafa huku mwili unawaka moto, hilo si jambo la kungoja. Mvue nguo za juu, mmwagie maji, mpepee, mwekee vitambaa baridi shingoni na makwapani. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Mkimbize hospitalini huku mkiendelea kumpoza. Busia ina Hospitali ya Rufaa ya Kaunti.

Kwa hivyo unapopanga mizigo, weka kofia, leso na chupa za maji. Kisha waambie watoto mapema kwamba huko mnakokwenda, kulala mchana si uvivu.