Tochi ya Trafiki na Adabu ya Madereva

Kila aliyepata kusafiri kwa basi kati ya Dar es Salaam na Morogoro amekwisha kuiona ishara hii. Gari linalotoka upande wa pili huwasha taa zake kubwa na kuzizima, mara mbili au tatu, ijapokuwa ni mchana na jua ni kali. Dereva wa basi huinua mkono kushukuru, huondoa mguu kwenye mafuta, na basi lililokuwa likienda kwa kishindo huanza kutambaa. Baada ya kilomita moja au mbili abiria humwona askari wa usalama barabarani katika sare yake nyeupe, amesimama chini ya mwembe, ameshika chombo ambacho wananchi wamekipa jina la tochi. Basi hupita kwa heshima zote. Likishapotea machoni pa askari, mguu hurudi mahali pake.

Madereva huihesabu ishara hiyo kuwa ni adabu ya kazi, na asiyeitoa huonekana mchoyo. Makala haya yanaichunguza adabu hiyo kwa vipimo vya fizikia ambavyo mwanafunzi wa kidato cha tatu anavimudu. Swali lenyewe ni jepesi: anayewasha taa anampa nani, na anampa nini?

Desturi ya kuonyana habari za polisi ina umri karibu sawa na wa gari lenyewe. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1903 iliweka kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32 hivi. Polisi walikuwa wakipima kipande cha barabara, wakijificha kandokando yake, na kuhesabu kwa saa muda ambao gari lilitumia kukimaliza. Mwaka 1905 wenye magari waliunda chama chao, Automobile Association, na vijana wa chama hicho walipita barabarani kwa baiskeli wakiwaonya wanachama kuhusu mitego iliyokuwa mbele. Mwaka 1910 mahakama iliamua kwamba kumwonya dereva anayekwenda mbio ili asikamatwe ni kumzuia polisi kufanya kazi yake. Hapo chama kiligeuza ujanja. Vijana wake waliagizwa kumpigia saluti kila mwanachama apitaye. Na mwanachama asiyepigiwa saluti aliagizwa asimame aulize sababu. Ni mahakama gani iwezayo kumtia mtu hatiani kwa kosa la kutosalimu? Desturi hiyo ya saluti ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Yafaa kisa hiki kikumbukwe, kwa maana kinafundisha jambo ambalo wataalamu wa mawasiliano hulijua sana: ukimya nao hubeba habari. Tutaona baadaye jinsi jambo hilo linavyohusika na taa za barabara ya Morogoro.

Tochi nayo hufanyaje kazi? Ziko aina mbili. Ya kwanza hutumia rada. Chombo hutuma mawimbi ya redio ambayo hugonga gari na kurudi kama mwangwi. Mwaka 1842 mwanasayansi wa Austria, Christian Doppler, alieleza kwamba mawimbi yanayotoka kwenye kitu kinachokaribia hufika yakiwa yamesongamana zaidi. Mtu yeyote aliyesimama kando ya barabara amelisikia jambo hilo kwa masikio yake: honi ya basi linalokuja ina sauti kali, na mara basi lipitapo sauti hushuka. Tochi inayotuma mawimbi bilioni 24 kwa sekunde ikilielekea gari linalokuja kwa kilomita 50 kwa saa, mwangwi hurudi na ziada ya mawimbi 2,200 hivi kwa sekunde. Gari likija kwa kilomita 80 ziada huwa 3,560 hivi. Kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chombo huhesabu ziada hiyo na kuigeuza kuwa kilomita kwa saa.

Aina ya pili hutumia leza. Hii haijali msongamano wa mawimbi, bali hutuma vipande vifupi vya nuru isiyoonekana kwa macho na kupima muda ambao kila kipande hutumia kwenda na kurudi. Gari likiwa umbali wa mita 300, safari nzima ya nuru huchukua milioni mbili tu za sekunde, ukigawa sekunde moja katika sehemu milioni. Kwa kurudia kipimo hicho mara nyingi ndani ya muda mfupi, chombo hujua gari limesogea kiasi gani.

Sasa hebu msomaji asikilize mazungumzo ambayo husikika kila siku. "Afande, mimi nilikuwa hamsini tu!" asema dereva. "Chombo kimesoma sitini na nane," ajibu askari. Nani mkweli?

Kwanza, askari hasimami katikati ya njia bali pembeni, kwa hiyo chombo hulitazama gari kwa pembe. Kinachopimwa ni sehemu ile tu ya mwendo inayoelekea kwenye chombo, yaani mwendo halisi ukizidishwa kwa kosaini ya pembe hiyo. Kosaini haizidi moja kamwe. Pembe ikiwa nyuzi 20, kosaini yake ni 0.94, na gari linalokwenda kilomita 80 litasomeka 75. Kosa hili lampunguzia dereva, halimwongezei. Pili, magari mengi hutengenezwa kwa kufuata kanuni ya kimataifa isemayo kwamba spidomita isionyeshe mwendo ulio chini ya mwendo halisi. Yaweza kuonyesha ulio juu kidogo. Dereva anayeona 50 kwenye dashibodi kwa kweli huenda yuko kwenye 47. Vyombo vyote viwili, basi, vimekwisha kumpendelea kabla ya mazungumzo kuanza.

Lakini si haki kusema kwamba dereva hukosea siku zote. Mtu aliyefunga tairi kubwa kuliko zile za kiwandani hudanganywa na spidomita yake, kwa sababu kila mzunguko wa gurudumu humpeleka mbali zaidi kuliko inavyohesabiwa. Mwali wa rada nao hupanuka kadiri unavyokwenda mbali, hata kufunika barabara nzima, na mwangwi wa lori kubwa lililo nyuma waweza kuushinda ule wa gari dogo lililo mbele. Mwali wa leza ni mwembamba, kiasi cha mita moja hivi kwa umbali wa mita 300, lakini mkono wa mpimaji ukitikisika mwali ukateleza juu ya bodi la gari, kipimo huharibika. Ndiyo sababu vyombo hivi huhitaji kukaguliwa mara kwa mara na kushikwa na mtu aliyefundishwa. Dereva anayeomba kwa upole kuonyeshwa namba iliyosomwa hakumvunjia askari heshima. Na askari anayemwonyesha bila kufoka hakupungukiwa na cheo. Mabishano mengi ya kando ya barabara yangekwisha hapo.

Nchini Tanzania kikomo katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Madereva wengi huona namba hiyo kuwa imetungwa kuwakomoa. Chukua basi mfano wa mtoto anayetoka nyuma ya kibanda cha mkaa na kuingia barabarani mita 28 mbele ya gari. Dereva hachukui hatua papo hapo. Jicho lazima lione, ubongo utambue, mguu uhame. Yote hayo hula sekunde moja hivi kwa mtu aliye macho. Baada ya hapo breki nzuri kwenye lami kavu hupunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde.

Dereva wa kilomita 50 kwa saa anakwenda mita 13.9 kila sekunde. Anatumia mita 13.9 kabla mguu haujafika kwenye breki, na mita 13.8 baada ya kuikanyaga. Jumla ni mita 27.7. Gari linasimama mbele ya mtoto, naye anakimbia akilia. Dereva wa pili yuko kwenye 60, tofauti ambayo wengi huiita ndogo. Anatumia mita 16.7 kabla ya breki, na katika mita 11.3 zilizobaki hawezi kusimama. Anamgonga mtoto akiwa kwenye kilomita 39 kwa saa. Dereva wa tatu yuko kwenye 80. Mguu wake unafika kwenye breki zikiwa zimebaki mita 5.8 tu, naye anamgonga akiwa bado kwenye 73. Wa nne, aliye kwenye 100, amekwisha kusafiri mita 27.8 kabla breki haijashika: amemgonga kwa mwendo ule ule aliokuja nao.

Watu hustaajabu kwamba kilomita 10 zilizoongezeka ziligeuka kuwa 39 mbele ya mtoto. Sababu ni kwamba nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili, na sehemu kubwa ya mwendo hupotea katika mita za mwisho kabisa za kusimama. Mita hizo za mwisho ndizo anazonyang'anywa mtoto. Kilomita 39 kwa saa ni mwendo anaoufikia mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 6. Kilomita 73 ni wa mtu aliyeanguka mita 21, kutoka kilele cha mnazi mrefu.

Na dereva hupata nini? Kijiji chenye urefu wa kilomita 2 hupitwa kwa sekunde 144 ukienda 50, na kwa sekunde 90 ukienda 80. Faida ni sekunde 54. Katika safari yenye vijiji kumi, dereva anafika dakika tisa mapema. Dakika tisa si bure kwa mtu anayelipwa kwa safari, na yeyote anayetaka kuzungumza na madereva kwa adabu hana budi kulikubali hilo kwanza. Lakini aliyeko upande wa pili wa mizani hakuulizwa.

Yuko atakayesema kwamba taa za onyo hupunguza mwendo, kwa hiyo ni njema. Kweli hupunguza, lakini mahali askari alipo tu. Hapa ndipo saluti ya Waingereza inaporudi. Anayejua askari yuko wapi amekwisha kujua pia wapi hayupo. Dereva aliyezoea kuonywa husoma barabara isiyo na taa kama barabara iliyo wazi, naye hukimbia huko kwa amani ya moyo. Laiti asingekuwa na uhakika, angepunguza katika kila kijiji. Taa mbili tatu zilizowashwa karibu na Chalinze zimetoa ruhusa kwa kilomita nyingi zinazofuata, na mtembea kwa miguu wa huko hana taa ya kumwonya.

Si kwamba madereva hawana adabu iliyo bora kuliko hiyo. Wanayo, tena ya kale. Lori likiharibika njiani, utingo hukata matawi na kuyatandaza barabarani ili wajao wajue kuna kizuizi mbele. Hakuna aliyemwamuru, na hamjui yule anayemwokoa. Kasoro iliyopo ni ya hesabu tu: mara nyingi matawi huwekwa hatua kumi au ishirini nyuma ya lori. Gari dogo linalokwenda 80 huhitaji mita 58 kusimama kwa breki zile zile za mfano wetu. Lori lenye shehena, ikiwa breki zake hupunguza mita 4 tu kwa sekunde katika kila sekunde, huhitaji mita 84. Matawi ya kwanza, basi, yawe mita 100 au zaidi kabla ya kizuizi. Na usiku pawekwe pembetatu inayoakisi mwanga, kwani jani la mwarobaini haliakisi kitu.

Shule zilizo karibu na barabara kuu zaweza kuyapima haya bila tochi, kwa njia ile ile ya polisi wa mwaka 1905. Mwalimu achague alama mbili zilizo kando ya barabara, kama vile nguzo mbili za umeme, na kupima umbali baina yake mapema. Chukua kwamba ni mita 100. Mwanafunzi mmoja aashirie gari lipitapo alama ya kwanza, mwingine aendeshe saa ya kupimia mbio. Sekunde 7.2 ni kilomita 50 kwa saa, sekunde 4.5 ni 80. Kosa la mkono la sekunde 0.2 litafanya 80 isomeke kati ya 77 na 84, na kwa sababu hiyo yapimwe magari mengi na kutafutwa wastani. Kazi ifanywe siku mbili: siku ambayo askari yupo kijijini na siku ambayo hayupo, kisha wastani mbili zilinganishwe ubaoni. Jambo moja lahitaji uangalifu, mbali na kukaa mbali na lami. Wanafunzi wasisimame wakionekana na madaftari yao, bali wakae nyuma ya ua wa shule. Dereva wa kwanza akiwaona atapunguza mwendo, atawawashia taa wenzake, na vipimo vya siku nzima vitaharibika.