Motere ya turbo ndani ya gari ya zamani: tupime mbele ya kulipa

Koperative nyingi za Kivu bado ziko na Land Cruiser ya zamani, hasa ile pick-up HZJ75 yenye motere 1HZ. Ndiyo inabeba kahawa, viazi na mashu kutoka shambani mpaka barabara kubwa. Lakini motere ikichoka, gari inalala kwenye mlima, na mashu hayangojei fundi. Hapo wanamemba wanatuuliza: tutengeneze motere yetu, ao tununue motere ya turbo ya okazyo?

Swali linatoka kwenye milima yetu yenyewe. Bukavu na Goma ziko karibu metre 1,500 juu ya bahari, na njia za mashamba zinapanda zaidi. Ukifika metre 2,000, hewa imepungua karibu sehemu moja juu ya tano, na motere isiyo na turbo inapoteza nguvu. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka. Inasukuma hewa nyingi ndani ya motere. Ndiyo maana gari ya turbo inapanda bila kuhema sana.

Motere inayotafutwa kwa kazi hii ni 1HD-T, iliyoanza kuwekwa kwenye Land Cruiser 80 mwaka 1990. Ni ndugu ya 1HZ: zote ziko na silindri sita na lita 4.2. 1HZ inatoa nguvu za farasi karibu 130, 1HD-T karibu 160. Juu ya undugu huo, fundi mzuri anaweza kuifunga kwenye bwate ya zamani bila kukata shasi. Motere ya familia nyingine inaomba viti vipya na pengine bwate mpya, na kila kitu cha kuchomelea ni siku ingine kwenye garaje.

Lakini okazyo ni okazyo. Mbele ya kutoa feza ya wanamemba, muangalie haya:

1. Guseni motere mbele haijawashwa. Ikiwa na moto, muuzaji ameipasha ili iwake mbio. Ngojeni ipoe kabisa.

2. Muangalie moshi. Wa bulu ni oili inayoungua. Mweusi sana ni mazutu mengi ao hewa kidogo. Mweupe usioisha hata motere ikipata moto, ni mazutu yasiyoungua ao maji yanayoingia ndani.

3. Fungueni kofia ya oili motere ikiunguruma. Pumzi ikitoka kwa nguvu, pistoni zimechoka.

4. Toeni mpira wa hewa, mushike mhimili wa turbo kwa vidole. Kucheza kidogo sana pembeni si kitu. Ukienda mbele na nyuma, turbo imekwisha.

5. Muulize volti. Baadhi ya 1HD-T zilizotoka Japani ziko na demarere ya volti 24, na gari yenu pengine ni ya 12.

Motere iko chini na haiwezi kuwashwa? Lipeni sehemu tu. Ingine mutalipa kisha motere kuwaka ndani ya gari. Muandike karatasi, pande zote mbili zitie sahihi.

Ugonjwa unaojulikana wa 1HD-T ni kusine za byele: zinakwisha mbele ya wakati, na zikikwisha zinaweza kuvunja motere nzima. Fundi azibadilishe motere ikiwa bado chini, pamoja na kamba ya distribisyo. Kazi hiyo ni nyepesi chini kuliko ndani ya gari.

Sasa hesabu. Bei ya motere ni mwanzo tu. Muongeze usafiri, kusine, kamba, ambriyaji, bomba jipya la moshi, oili, filtri, kusafisha radiateri na mkono wa fundi. Muweke pembeni ya hesabu hiyo bei ya kutengeneza 1HZ yenu. Ikiwa ugonjwa wake ni injekteri tu, matengenezo yatawaokolea feza nyingi. Na musiuze motere ya zamani mbele kazi haijakwisha: fundi anaweza kuhitaji pyese zake.

Kisha kufunga, shoferi naye abadilike. Turbo inazunguka mara zaidi ya 100,000 kwa dakika, na oili ya motere ndiyo inailinda. Oili ibadilishwe kila kilometre 5,000. Filtri ya hewa iangaliwe kila juma wakati wa vumbi. Kisha mlima mrefu, motere ibaki inaunguruma pole pole dakika mbili mbele ya kuzimwa. Ikizimwa mara moja, oili inaungua ndani ya turbo.

Tena, nguvu mpya haiongezi uzito ambao gari inaruhusiwa kubeba. Freni na spring ni zile zile. Anayejaza mifuko mingi juu ya turbo, atajua wakati wa kushuka.

Mwisho, namba ya motere ni mpya: iandikwe kwenye hati za gari, na karatasi ya kununua ibaki ndani ya ofisi ya koperative. Gari ni ya wote. Hesabu isomwe mbele ya mkutano mkuu, na wamama wanaobeba mavuno mgongoni gari ikilala, nao waseme kwa sauti yao kama tununue ao tutengeneze.