Gavana wa Kuazimwa: Wataalamu wa Kigeni katika Benki Kuu za Afrika

Benki kuu ni chombo cha dola kinachotoa sarafu, kutunza akiba ya fedha za kigeni, kusimamia mabenki ya biashara na kuikopesha serikali kwa mipaka iliyowekwa na sheria. Nchi nyingi za Afrika zilipopata uhuru hazikuwa na chombo hicho. Katika Afrika Mashariki, shilingi ilitolewa na Bodi ya Sarafu iliyoundwa mwaka 1919, ambayo makao yake yalikuwa London hadi yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1960. Kwa msingi wake, bodi ya aina hiyo hutoa noti kulingana na paundi ilizonazo, hivyo haina haja kubwa ya watu wa kupima ni kiasi gani cha fedha uchumi unahitaji. Pengo hilo la ujuzi ndilo lililofungua njia kwa mabingwa wa benki kuu za Ulaya na Asia, ambao waliazimwa na waajiri wao, mara nyingi kupitia Shirika la Fedha la Kimataifa, ili wazitumikie nchi changa.

Kazi hiyo ina sura mbili zisizopaswa kuchanganywa. Mshauri huchunguza, huandika ripoti na kuondoka, na serikali iko huru kuifuata au kuiweka kando. Mtendaji hukabidhiwa cheo ndani ya benki yenyewe, pamoja na mamlaka ya kutia saini, na huwajibika kwa matokeo.

Erwin Blumenthal wa Bundesbank, benki kuu ya Ujerumani ya Magharibi, alizifanya zote mbili. Katika ripoti aliyoiandikia serikali ya Tanganyika mwaka 1963, alipendekeza mfumo wa ngazi mbili, yaani benki kuu moja ya Afrika Mashariki juu, na chini yake benki ya kila nchi. Pendekezo hilo lilitegemea serikali tatu kukubaliana juu ya bajeti na mikopo, na makubaliano hayo hayakupatikana. Mwezi Juni 1965 ilitangazwa kwamba kila nchi ingekuwa na benki kuu yake, na zote tatu zilianza kazi mwaka 1966. Tanzania ilimteua mwananchi wake, Edwin Mtei, kuwa gavana wa kwanza, ilhali Kenya ilianza na Leon Baranski, mzaliwa wa Poland, kabla ya Duncan Ndegwa kushika nafasi hiyo mwaka 1967.

Mfano wa mtendaji aliyefanikiwa ni Masaya Hattori wa Benki ya Japani, aliyekuwa gavana wa Benki ya Taifa ya Rwanda kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Aliikuta nchi ikitumia viwango viwili vya kubadilisha fedha: dola moja ilikuwa faranga 50 kwa kiwango rasmi, na faranga nyingi zaidi katika soko huru. Mpangilio kama huo humwumiza mkulima wa kahawa, kwa kuwa dola zinazotokana na zao lake hugeuzwa kwa kiwango kidogo, huku aliyeruhusiwa kununua dola kwa bei hiyo nafuu akivuna faida asiyoitolea jasho. Mwaka 1966 viwango hivyo viliunganishwa na dola ikawa faranga 100. Uamuzi huo uliwezekana kwa sababu Rais Grégoire Kayibanda alimsikiliza, hata akamtaka aandae mpango wa uchumi uliovuka mambo ya sarafu. Hattori alipoondoka, kiti chake kilichukuliwa na Mnyarwanda.

Mambo yalikuwa tofauti Kinshasa, alikopelekwa Blumenthal mwaka 1978 ili ashike wadhifa wa juu katika Benki ya Zaire, wakati nchi hiyo ikishindwa kulipa madeni yake. Safari hii hakuwa mtoa mawaidha tu, kwani alizuia mikopo na fedha za kigeni kwa kampuni kadhaa zilizokuwa karibu na utawala. Hata hivyo mkondo wa fedha ulipita nje ya meza yake, kwa kuwa kulikuwa na akaunti za benki hiyo ughaibuni ambazo watu wa Rais Mobutu, mtawala wa nchi hiyo, walizitumia bila kupitia taratibu zake. Aliondoka mwaka 1979, na katika ripoti yake ya mwaka 1982 aliwatahadharisha wakopeshaji kwamba hawakuwa na matumaini ya kurejeshewa fedha zao.

Ujuzi wa Blumenthal haukupungua kati ya Dar es Salaam na Kinshasa, wala hakuna sababu ya kudhani kwamba Hattori alimzidi. Kilichotofautiana ni utashi wa mwenye dola, kwa maana saini ya gavana, awe mgeni au mwenyeji, humfunga tu yule aliyekubali kufungwa na sheria ya benki. Mgeni ana nafuu moja, kwamba hana ukoo wala chama cha kumdai fadhila. Lakini upungufu wake unatoka papo hapo, kwa kuwa rais akimwacha peke yake hana wa kumtetea nchini.

Siku hizi magavana wa kigeni ni nadra, na msaada wa aina hii hutolewa zaidi kwa ziara fupi na mafunzo, yakiwamo yale ya kituo cha kikanda cha Shirika la Fedha la Kimataifa kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2002. Mabadiliko hayo yameondoa suala la uraia wa anayetia saini, ila hayajaondoa lile la nani anaweza kuipuuza saini hiyo, ambalo kila benki kuu hulijibu serikali inapohitaji fedha kuliko sheria inavyoruhusu.