Usemi na Ukimya katika Filamu ya Sholay

Filamu ya Kihindi iitwayo Sholay ilianza kuonyeshwa nchini India tarehe 15 Agosti 1975. Mwongozaji wake alikuwa Ramesh Sippy, na waandishi wake Salim Khan na Javed Akhtar. Siku za mwanzo haikuvuta watu wengi. Baadaye sifa zake zilienea kwa midomo ya watazamaji, hata ikaonyeshwa kwa zaidi ya miaka mitano katika jumba la Minerva mjini Bombay. Makala haya yanakusudia kueleza sababu ya kudumu kwake.

Jibu lililozoeleka ni kwamba filamu hii imedumu kwa usemi wake. Mazungumzo yake yaliuzwa katika santuri, na watu wakayahifadhi kama wahifadhivyo mashairi. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Filamu za Kihindi zilipendwa mno hata katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako watazamaji wengi hawakuielewa lugha hiyo. Hapana budi pawepo jambo jingine lipitalo mipaka ya lugha.

Jai na Veeru ni wezi wawili waliokodiwa na Thakur Baldev Singh, aliyekuwa afisa wa polisi, ili wamkamate jambazi Gabbar Singh, aliyewaua jamaa zake na kumkata yeye mikono. Ukiacha wimbo mmoja wanaouimba juu ya pikipiki, marafiki hawa hawatangaziani mapenzi. Wanataniana. Jai anapokwenda kumposea Veeru kwa shangazi yake Basanti, kila sifa anayoitoa inafichua aibu: mara kamari, mara ulevi. Mswahili hahitaji kufafanuliwa jambo hili, kwani anajua kuwa mtani ana ruhusa ya kusema asiyoweza kusema mgeni. Utani hapa ni ithibati ya kuaminiana.

Msiba, kwa upande wake, hauna maneno. Thakur anaporudi nyumbani na kuzikuta maiti za jamaa zake, upepo ndio unaozifunua sanda. Vivyo hivyo Radha, mjane, anazima taa jioni huku Jai akipiga kinanda cha mdomo kwa mbali. Penzi lao halipati kutamkwa.

Njia hizi mbili zinakutana katika sarafu. Tangu mwanzo, Jai huamua mambo kwa kurusha sarafu. Hivyo ndivyo inavyoamuliwa kwamba Thakur aliyejeruhiwa apelekwe hospitali, ingawa wao wangeweza kutoroka. Mwishoni, risasi zikiwa karibu kwisha, sarafu inaamua kwamba Jai abaki kuwazuia majambazi na Veeru aende. Veeru anarudi na kumkuta mwenziwe akikata roho. Ndipo anapoiokota sarafu na kuona kuwa pande zake zote mbili zina kichwa. Kumbe haikuwa bahati kamwe; Jai alikuwa amechagua. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini rafiki huyu aliificha hata fadhila yake, ndani ya mzaha wa mwisho ambao Veeru hawezi kuujibu.

Wahakiki wengine huishutumu Sholay kwa kuazima kutoka filamu za Kimarekani za wapanda farasi na kutoka Seven Samurai ya Kijapani ya mwaka 1954. Deni hilo lipo. Hata hivyo, kinachokumbukwa si farasi wala bunduki, bali sarafu ile, ambayo humlazimisha mtazamaji kuirudia hadithi nzima moyoni na kuisoma upya.

Hapa pana funzo kwa mtafiti wa fasihi simulizi. Anayenakili maneno ya msimulizi peke yake ni kama aliyenunua santuri ya Sholay: ameupata utani wote, na kifo cha Jai kimempita.